Siku ya Kumchana Sekunde

Niseme mapema nisije nikaonekana malaika: mimi sikuwa mpenzi wa mbwa. Mwanamke anayeshinda kutwa nzima vidole vyake vikiwa kwenye nywele za watu hatamani kurudi nyumbani akute nywele nyingine zinamsubiri mlangoni, tena zinatikisa mkia. Kwa hiyo baba mkwe wangu alipohamia kwetu na sanduku la nguo, boksi la vifaa vya kutengenezea saa na mbwa kwapani, yeye nilimpokea kwa mikono miwili. Mbwa nilimpokea kwa macho.

Mbwa mwenyewe aliitwa Sekunde. Baba alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, na mteja wake mmoja aliyehamishwa kazi ghafla ndiye aliyemwachia mbwa huyo akiwa bado mdogo wa kutosha kulala kwenye boksi la viatu. Akamwita Sekunde kwa sababu alikuwa hatulii. Sasa ana miaka kumi na miwili na anatulia hata pale unapotaka asogee. Ni mbwa mdogo, kilo sita kwa kumsifia, wa ile aina yenye manyoya marefu yanayofunika macho. Baba alisema manyoya hayo ni meupe. Mimi niliyaona ya rangi ya maji ya kudekia.

Na alikuwa ananuka. Sisemi ile harufu ya kawaida ya mbwa, hiyo mtu huizoea. Nasema harufu ya taulo bichi lililosahaulika ndani ya ndoo wiki nzima. Tunakaa ghorofa ya tatu, na jirani wa ghorofa ya pili alikuwa ameanza kupanda ngazi ameshika pua. Nilichoma ubani siku mbili, nikaacha. Wahenga walishasema la kuvunda halina ubani, na mimi ni nani nibishane nao?

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Hata nyumbani namwita Mwalimu, naye huitika. Ni mtu mwema, ila mambo yake yote lazima yawe na jibu, na jibu lazima lipigiwe mstari chini. Alhamisi, tukiwa mezani, alitoa hukumu yake huku akiangalia sahani.

"Baba, nimeongea na rafiki yangu mwenye bohari la mbao. Anatafuta mbwa. Namsubiri Sekunde mpaka Jumapili saa kumi jioni. Kama bado ananuka, nampeleka."

Baba akaweka kijiko chini. "Namchana kila siku," alisema. "Hana hata fundo moja."

"Ananuka, Baba."

"Basi nitazidi kumchana."

"Na jingine. Juzi amemngurumia jirani kwenye ngazi. Akimuuma mtu, sisubiri hata hiyo Jumapili."

Mbwa wa kilo sita akalinde mbao! Labda mwizi afe kwa kucheka. Lakini sikucheka, kwa sababu nilimwona Baba anavyoinuka na kwenda chumbani kwake bila kumaliza chakula, na Sekunde nyuma yake. Tangu mama mkwe afariki, mzee alikuwa na watu wawili wa kuongea nao: mwanawe, kwa simu, mara moja kwa wiki, na Sekunde, siku zote. Sasa mwanawe anaishi naye nyumba moja na simu hiyo haipigwi tena. Kumpeleka Sekunde bohari kulikuwa kumwacha mzee aongee na ukuta. Mwalimu hakuliona hilo. Kwake yeye mbwa alikuwa tatizo, na tatizo lina jibu.

Mtaniuliza mimi nilisema nini. Sikusema kitu. Mimi na Baba tulikuwa tunaheshimiana kupita kiasi. Chai naiweka mezani, narudi nyuma hatua mbili, ndipo anaichukua. Akipita koridoni najibana ukutani mpaka apite. Kwa miezi mitatu hatukuwahi kushikana hata mikono. Mambo yanayomhusu mkwe unayaangalia kwa mbali, ndivyo nilivyolelewa.

Jumapili asubuhi Mwalimu alikwenda shuleni kwenye kikao cha wazazi. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala mpaka nijichoke mwenyewe, lakini nilishindwa. Niliamka, nikaenda kufungua mlango wa kibaraza, nikamkuta Baba amekaa na Sekunde mapajani, anamchana. Brashi ilikuwa inatoka shingoni inakwenda mpaka mkiani, polepole, tena na tena. Hakuniona.

"Leo ukae vizuri, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Leo watakunusa."

Jamani. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini ilibidi nirudi jikoni kwanza nijifanye natafuta sufuria. Nilipotoka nilikuwa nimeshakata shauri.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Baba, naomba huyo mteja wako. Leo namtengeneza mimi."

"Umtengeneze nini? Ameshachanwa huyu."

"Mimi ni msusi, Baba. Niache nimtie mkono kidogo tu, tumfunge mdomo Mwalimu."

Akafikiri. Halafu akainuka na mbwa wake, akanifuata.

Nilitandika blanketi kuukuu juu ya meza ya jikoni. Nikapanga vitu vyangu: chanuo la meno mapana, kitana chembamba chenye mkia, chupa ya mafuta, mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Baba alimweka Sekunde juu ya meza na kurudi nyuma, mimi nikasogea. Mgongoni manyoya yalikuwa mazuri ajabu, laini, yamelala upande mmoja. Nikasema kumbe mzee anasema kweli. Kisha nikaingiza vidole nyuma ya sikio.

Nilikuta fundo gumu kubwa kama kokwa. Nikashuka kwapani, nikakuta mengine matatu. Tumboni na mapajani nywele zilikuwa zimeshikana zote, zimekuwa kitu kimoja kama godoro la zamani, zina unyevunyevu, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu. Harufu ilikuwa inatoka huko. Saluni tunao wateja wa namna hii: juu pamelala vizuri, kilemba kimefungwa kwa madaha, chini ni msitu. Ila wale huwa wanakiri.

Hasira ikanipanda. Nikajisemea, huyu mzee ananidanganya mchana kweupe, na mbwa anaumia.

"Baba, hapa ulimchana lini?"

"Jana. Na leo."

"Hapa hapa, nyuma ya sikio?"

"Hapo hapo."

"Hebu gusa."

Nikarudi nyuma hatua mbili kama kawaida yetu, yeye akasogea. Niliona kwa macho yangu. Kidole gumba na vidole viwili vilikwenda mpaka kwenye lile fundo, vikapita juu yake, vikalibonyeza, vikarudi tena.

"Laini," alisema. "Laini kabisa, mwanangu."

Akatabasamu, tena kwa fahari.

Nimedanganywa na watu wengi katika kazi hii. Kuna wanaoapa nywele zao hazijawahi kuguswa na dawa huku dawa ya wiki iliyopita inawanukia kichwani. Mwongo namjua kwa sauti tu. Baba hakuwa anadanganya. Ndipo nikaitazama mikono yake, mikono niliyokuwa nainamisha macho nisiitazame kwa miezi mitatu. Kwenye gumba kulikuwa na lengelenge la moto. Kidole cha pili kilikuwa na mkato ambao haukufungwa na chochote. Nikakumbuka vikombe viwili vilivyoanguka mwezi ule. Nikakumbuka kwamba mzee huyu, ambaye kwenye picha zote za ukutani amevaa shati la vifungo na tai, tangu aje kwetu hajavaa ila sweta la kuvutia kichwani lisilo na kifungo, jua liwe kali vipi.

Mdomo wangu hauna breki, muulizeni yeyote pale saluni. Siku ile ulifunga breki wenyewe.

"Sawa, Baba," nikasema. "Huku chini nitamalizia kidogo tu. Wewe mshike kidevu, mpige stori, asiniogope."

Tukaanza kazi. Wengi hukosea hapa kwa kukimbilia maji. Nywele zilizofungamana ukizilowesha zinakaza mara mbili, na hapo hata uwe fundi wa namna gani utaishia kwenye mkasi. Kwanza mafuta, tone kwa tone, unalipaka fundo mpaka linalegea. Halafu unalibana pale linapoota, karibu na ngozi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako na si kwenye ngozi ya mwenye nywele. Kisha unaanza kuchana kutoka nchani, kidogo, unarudi juu kidogo. Anayeanzia juu anatafuta ugomvi. Fundo la sikio peke yake lilinichukua robo saa, na lilipofunguka Sekunde alikung'uta sikio lile mara tatu kana kwamba haamini ni lake.

Baba alikuwa anamshika kidevu na kuongea. Alimwelezea mbwa habari za dukani, na mimi nikawa nasikiliza kwa wizi.

"Unamkumbuka yule bwana wa saa ya mkanda mwekundu? Ameirudisha mara tatu, anasema inachelewa. Nikaipima mara tatu. Mwisho nikamwambia, bwana mkubwa, saa iko sawasawa, anayechelewa ni wewe."

Nilicheka mpaka kitana kikatikisika. Baba naye akacheka, na hii ilikuwa mara ya kwanza namsikia akicheka ndani ya nyumba yangu. Nikaona kumbe tunaweza. Nikajisahau.

Maana sisi wasusi tuna tabia yetu. Mteja akigeuza kichwa hatumwambii kitu. Tunamgonga na kitana, kidogo tu, to!, na kichwa kinarudi mahali pake. Nimewagonga walimu wakuu. Nimewagonga wake wa wakubwa. Nimemgonga bibi harusi asubuhi ya harusi yake akiwa analia, na akanyooka. Hakuna aliyewahi kulalamika. Sekunde alipogeuza kichwa kufuata kicheko cha Baba, mkono wangu haukuniuliza. To!

Sekunde hajawahi kufika saluni, angejuaje? Aligeuka kwa kasi ambayo sikudhani bado anayo, na jino lake likazama kwenye kidole changu cha shahada. Nikapiga ukelele. Yeye aliachia hapo hapo, akatazama damu kwenye blanketi, akaenda kuficha uso ndani ya sweta la Baba.

"Amekuuma," Baba alisema.

"Hapana, Baba. Amenigusa tu."

"Naiona damu, mwanangu."

"Kosa ni langu, nimemgonga kichwani. Ungenigonga mimi ningekuuma zaidi."

Nilikwenda bombani nikaosha kidole kwa sabuni, maji yakitiririka muda mrefu, huku nauma meno. Kwa chanjo sikuwa na wasiwasi. Kadi ya chanjo ya Sekunde Baba anaitunza pamoja na cheti chake cha ndoa. Nilikuwa nawazia jambo moja tu: kidole nitakifichaje mpaka jioni? Nilipogeuka, Baba alikuwa ameshachukua mnyororo kutoka nyuma ya mlango.

"Nitampeleka mwenyewe," alisema. "Mwanangu alisema akiuma hasubiri. Ni haki yake. Mbwa aliyemuuma mke wa mwanangu hawezi kulala nyumba hii."

"Baba, tafadhali."

Aliinama, akaishika ile kulabu ndogo ya mnyororo ili aitie kwenye pete ya mkanda wa shingoni. Ikagonga pete, ikateleza. Akajaribu tena, ikapita pembeni. Mara ya tatu alidhani imeingia, akanyanyua mnyororo, na ukaja mtupu. Sekunde alikuwa amekaa wima, ameinua kidevu ili kumrahisishia. Mtu huyu alikuwa anafunga skrubu ndogo kuliko punje ya sukari. Akajaribu mara ya nne.

"Binti," akasema bila kuniangalia, "nifungie."

"Sifungi, Baba."

Maji yalikuwa yanadondoka bombani. Halafu akauweka mnyororo mezani.

"Vidole vimekufa," alisema. "Mwaka wa pili huu. Ilianza kama ganzi kwenye ncha tu. Daktari akasema ni hii sukari yangu, imekula mishipa ya fahamu. Dukani skrubu zikawa zinaanguka, sina habari. Nikafunga duka, nikawaambia watu simu ndizo zilizoua saa."

"Na Mwalimu hajui?"

"Hajui mtu."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Baba aliumbuliwa na mbwa, na nilimwona anaelewa. Macho yake yalitoka kwenye mikono yake yakaenda kwa Sekunde.

"Pale nyuma ya sikio," aliuliza, "palikuwa na fundo?"

"Palikuwa nalo, Baba."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Na kwingine?"

Nikamwambia. Sikupunguza, kwa sababu asiyetaka kupunguziwa unamjua. Kwapani, tumboni, mapajani, na ile ngozi nyekundu.

"Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa napapasa juu tu," alisema. "Mwenzangu anaoza chini ya mkono wangu, na mimi namwambia, umependeza."

Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyojua naweza kumpenda mtu ambaye hata mkono sijawahi kumpa. Nikaona heshima ya namna hii, ya kumwangalia mtu akilia na meza katikati, ikae pembeni kwanza. Nikazunguka meza, nikamshika mkono.

"Baba, samahani," nikasema, na nikaanza kumkunjia sweta, mkono wa kulia, mpaka kwenye kiwiko. Alishtuka, lakini hakuuvuta. "Unaniona mimi? Vidole hivi vimeungua dawa za nywele miaka ishirini, vimekuwa sugu kama kisigino. Ukinipa maji yanayochemka nikayagusa kwa kidole nitakuambia ni ya uvuguvugu. Mteja akiungua kichwa, kazi sina. Kwa hiyo msusi hapimi maji kwa vidole. Anapima hapa."

Nikaulaza mkono wake, ile sehemu laini ya ndani kati ya kiganja na kiwiko, kwenye ubavu wa Sekunde. Nikauvuta polepole kuelekea tumboni, mkono wangu juu ya wake. Alikuwa amefumba macho.

"Kuna kitu," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Hapa! Kama kokoto."

"Ndilo lenyewe. Endelea."

Basi tukabadilishana kazi. Yeye akawa anatafuta, mimi nafungua. Alitafuta kwa mkono wa kulia, akatafuta kwa wa kushoto, kuna wakati aliinama akatafuta kwa shavu, na kila alipolipata fundo alitangaza kama amepata mkufu uliopotea. "Lingine hili! Lete mafuta!" Yale yaliyogandamana na ngozi hayakuwa na dawa. Nilipitisha kitana kati ya fundo na ngozi, nikakata juu ya kitana, ili mkasi usimguse mbwa. Kidole changu nilikuwa nimekifunga plasta na kilikuwa kinapwita, lakini Sekunde hakunipa neno tena. Wala mimi sikumgonga tena. Kila mtu alikuwa amejifunza lake.

Maji tuliyaweka kwenye beseni kubwa la kufulia. Aliyeyapima ni Baba, kwa upande wa ndani wa mkono, akayakataa mara mbili kwamba ni ya moto mno kwa mtu wa umri ule. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili yakatoka kama chai ya rangi, ya tatu tukaanza kuona miguu yake. Tulimkausha kwa taulo tatu, na mashine ya kukaushia nywele niliiwasha kwa mbali, kwenye hewa baridi. Alipokauka tulimsimamisha mezani, tukamtazama. Nusu ya mbwa ilikuwa imeondoka. Kusema ukweli nilikuwa nimemkata vibaya, hapa parefu, pale pafupi, kama mtoto aliyejinyoa mwenyewe mbele ya kioo. Mteja wa kawaida angedai haki yake. Lakini alikuwa mweupe. Baba alikuwa amesema kweli kuhusu rangi.

Akapelekwa sebuleni, akalala kwenye kochi kabla hatujatoa mkono.

"Baba," nikasema, "hili la kidole tuliache. Nitasema ni mkasi. Msusi kujikata si habari."

Baba akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Mwalimu aliingia saa kumi kasorobo, amechoka, faili kwapani. Alisimama mlangoni akavuta hewa. Akavuta tena. Akaenda mpaka kwenye kochi, akainama, akamnusa mbwa mgongoni, halafu tumboni, maana ni mtu wa kuhakiki.

"Hanuki," alisema.

"Hanuki," nikajibu.

Nikadhani tumevuka. Ndipo akaona plasta.

"Na hicho kidole?"

"Mkasi," nikasema kabla hata hajafunga mdomo.

"Siyo mkasi," Baba alisema kutoka kwenye kiti chake. "Sekunde amemuuma. Ulisema akiuma husubiri."

Nilimtazama Baba nikatamani kumziba mdomo kwa taulo. Kazi yote ile! "Nilimgonga na kitana!" nikapaza sauti. "Na wewe Mwalimu usinitolee macho, wewe mwenyewe ukiguswa bahati mbaya unanuna siku tatu!"

"Na kuna jingine," Baba akaendelea, kana kwamba sijasema kitu. Alinyoosha mikono yote miwili akaiweka juu ya magoti, viganja juu. "Mbwa alikuwa ananuka kwa sababu yangu. Vidole hivi havina hisia. Siwezi kushika kitu nikajua nimekishika. Ndiyo maana nilifunga duka. Mafundo nilikuwa siyajui, mpaka leo mkeo aliponionyesha."

Mwalimu akakaa chini polepole. Faili likateleza, karatasi zikamwagika, na hakuziangalia.

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa pili."

"Miaka miwili, Baba! Mbona hukuniambia?"

Baba hakuwa na hasira. Aliongea kwa sauti ileile aliyokuwa akiongea na Sekunde asubuhi.

"Mbwa alinuka tu, mwanangu, ukamtafutia bohari," alisema. "Mimi ningekuambia vidole vyangu vimekufa, ungenipeleka wapi?"

Nimeishi na Mwalimu miaka kumi na moja. Sijawahi kumwona akikosa jibu. Akaangalia zile karatasi sakafuni, akamwangalia baba yake, kisha akatoa simu mfukoni akaenda kibarazani. Mlango hakuufunga, kwa hiyo tulimsikia.

"Haji," alisema. "Hapana, harufu imekwisha... Ndiyo, anauma. Leo amemuuma mke wangu... Nimekuambia haji. Tafuta mwingine."

Simu ilikwisha lakini hakurudi. Alibaki huko ametupa mgongo, mabega yanapanda na kushuka. Nilijua ni nini, na sikumfuata. Kuna kilio ambacho mtu anapaswa kuachiwa akimalize mwenyewe.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alipita kwenye viti vyote akaja kukaa sakafuni, miguuni pa baba yake, na suruali yake ya pasi, mtu ambaye hata kwenye mkeka hukaa kwa tahadhari. Akauchukua mkono wa kulia wa mzee, akabonyeza ncha ya gumba.

"Hapa?"

"Hapana," Baba alisema.

Akabonyeza kidole cha pili. "Hapa?"

"Hapana."

Akavimaliza vyote vitano, hakuruka hata kimoja. Akahamia kwenye kiganja, na Baba akatikisa kichwa. Akapanda, kidogo kidogo, akapita kifundo cha mkono, na mimi nimesimama pale na taulo mkononi.

"Hapa, Baba?"

"Hapo," Baba alisema. "Hapo nakusikia, mwanangu."

Mwalimu hakuuondoa mkono wake.